Grisi ya Baiskeli kwenye Mashine ya Baba

Mimi sisemi sana. Darasani mwalimu akiita majina nami nikajibu "nipo", mara nyingi naandikwa sipo, na jirani yangu wa dawati ndiye anayenyoosha mkono kunirudisha duniani. Nyumbani kwetu Ijuganyondo ni hivyo hivyo. Mgeni akibisha hodi, nakumbuka ghafla kwamba kuku hawajapewa maji. Kwa hiyo nikisema kitu nilichokipenda kuliko vyote katika wiki ni kwenda kuvua na Baba, usidhani ni kwa ajili ya samaki. Ni kwa sababu juu ya yale mawe ya ufukweni hakuna anayekuuliza hesabu zinaendeleaje. Baba anarusha, mimi natazama, tukichoka tunabadilishana. Tunaweza kumaliza asubuhi nzima tukiwa tumesema "sogea kidogo" na "nipe maji", na wote wawili tukarudi nyumbani tumeshiba mazungumzo.

Baba ni fundi cherehani mjini Bukoba. Mashine yake ya kuvulia hakuitafuta, ilimjia kazini. Alinunua robota la makoti ya mitumba ili ayapunguze na kuyauza upya, na katikati ya makoti akakuta mfuko mrefu wa turubai. Ndani mlikuwa na fimbo ya kuvulia iliyovunjika ncha, pamoja na mashine yake ya kukunjia mshipi. Haikuwa ya aina ile tuliyozoea kuwaona nayo wageni pale ufukweni, inayoning'inia chini ya fimbo. Hii hukaa juu, imejikunyata kama kobe, na tumboni ina kigurudumu cha mshipi ambacho huzunguka chenyewe unaporusha. Baba alikiita bobini siku hiyo hiyo. Kwake kila kitu kinachobeba uzi ni bobini.

Ile fimbo aliishona. Sitanii. Aliikata pale ilipovunjika, akatengeneza pete mpya za kupitishia mshipi kwa waya, halafu akazifunga moja moja kwa uzi wa cherehani, mizunguko imebanana hivi kwamba huwezi kuingiza ukucha. Uzi ulikuwa wa mabaki: kijani cha sare za shule, zambarau ya gauni la harusi, nyeupe ya kanzu. Juu yake akapaka rangi ya kucha ya Mama, ile isiyoonekana, ili maji yasiingie. Mama alipoikuta chupa imekauka alisimama mlangoni na kuuliza, "Kwa hiyo kucha zangu zitembee uchi ili fimbo ivae?" Baba akamwambia kwamba yeye hupendeza hata bila rangi, na kwamba fimbo imevaa tu kwa heshima yake. Mama akacheka. Ndivyo wanavyomaliza mambo yao.

Ni lazima nieleze ile mashine inavyofanya kazi, la sivyo hayo mengine hayataeleweka. Siri yake yote iko kwenye kidole gumba. Unaporusha chambo, gumba lako linakaa juu ya bobini. Unaliachia kidogo, bobini inazunguka, mshipi unaenda. Chambo kikianza kupunguza mwendo angani, bobini haina habari, yenyewe bado inakimbia. Hapo gumba linatakiwa liiguse, kwa upole tu, kama unavyomgusa mtoto aliyesinzia. Usipoigusa, inatema mshipi mwingi kuliko unaoondoka, na kufumba na kufumbua una fundo kubwa limesimama kama nywele zisizochanwa tangu Idi iliyopita. Sisi tuliliita kiota. Pembeni mwa mashine kuna kitufe cha breki cha kusaidia watu wasio na gumba la busara, lakini chetu kilitoka kwenye robota kikiwa kimekufa. Baba hakukihitaji. Gumba lake lilikuwa limeshika hariri na khaki maisha yake yote. Lilijua.

Halafu mkasi ulimteleza.

Alikuwa anakata kitambaa kizito, mkasi ukapita chini ya lile gumba la kulia. Kidonda kilipona vizuri, akarudi kazini, akashona kama zamani, maana kwenye cherehani vidole vingine vilikubali kubeba mzigo. Lakini gumba lenyewe halikurudisha hisia. Alinionyesha siku moja kwa kulichoma na pini huku akinitazama usoni, anatabasamu. "Kaenda safari," alisema. "Kaniachia nyumba tu."

Dukani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwenye mawe halikuwa. Kila akirusha, kiota. Tunakaa chini, tunafumua, anarusha, kiota tena. Kulikuwa na watoto waliokuja kuogelea pale karibu, wakajifunza kumsubiri. Bobini ikianza kulia wanapiga kelele, "Fundi, shona! Fundi, shona!" Yeye alicheka nao mara za mwanzo. Baadaye aliacha kucheka, na Jumamosi iliyofuata akasema ana suruali nyingi za watu. Na inayofuata pia. Suruali za watu hazijawahi kuwa nyingi kiasi hicho Bukoba.

Nilijitolea kumfumulia viota na kumrushia, akaniambia nirushe tu mwenyewe, yeye atatazama. Tukaenda hivyo mara moja. Alikaa mikono mapajani kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Hatukurudia.

Kuna kijana mchuuzi wa samaki anayeleta dagaa na sangara kutoka visiwa vya Muleba, huswali msikiti mmoja na Baba. Siku zote alikuwa akiitamani ile mashine. Akipita dukani anaipapasa kama mbuzi wa kununua. Jioni moja kabla ya likizo ya mwezi wa sita, Baba akaja mezani akatuambia amempa. Bure. "Kitu kizuri kisikae ukutani," alisema. "Nimemwambia likizo ikiisha tutakutana pale kwenye mawe, Jumamosi asubuhi, nimkabidhi na nimfundishe kidogo." Mama akaniangalia mimi, mimi nikaangalia ugali.

Kisha Baba akanigeukia. "Wewe unaenda Nshamba kwa mama yako mkubwa. Nenda nayo uisafishe. Sitaki kumpa mtu kitu kichafu."

Sasa nilichokifikiria usiku ule nakiandika hapa kama kilivyokuwa. Niliwaza: viota vinatokea kwa sababu mashine ni chafu. Nikiisafisha mpaka iwe laini kabisa, itamtii Baba hata bila gumba, naye hatakuwa na sababu ya kuitoa. Niliipakia kwenye kopo la maziwa pamoja na bisibisi ndogo, mswaki wa zamani na kichupa cha oili ya cherehani, na fimbo nikaibeba mkononi. Kwetu oili ya cherehani ni dawa ya kila kitu. Bawaba ikilia, oili ya cherehani. Kufuli likigoma, oili ya cherehani. Mdogo wangu aliwahi kuipaka kwenye miguu ya kuku anayechechemea.

Mama mkubwa, dada yake Mama, anaishi pembeni kidogo ya Nshamba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Ni kinyume changu kabisa. Anasalimiana na watu walioko mlima wa pili. Nilipofungua kopo langu barazani kwake na kuanza kupanga skrubu kwenye kitambaa, alisimama juu yangu akiwa amebeba mkungu kichwani.

"Nini hicho, waitu, mpenzi wangu?"

"Mashine ya kuvulia."

"Ya kuvulia nini huku juu? Konokono?"

"Naisafisha tu, Mama mkubwa."

"Haya. Ukipata mkubwa, usisahau na mimi nakula."

Niliiosha kwa mafuta ya taa, jino kwa jino. Beringi zake mbili ndogo, zile zinazobeba bobini huku na huku, nilizisugua mpaka zikawa zinang'aa, nikazidondoshea oili ya cherehani tone moja moja. Nikairudisha, nikaizungusha bobini kwa kidole. Jamani. Ilizunguka bila sauti, ikaendelea kuzunguka, nikaenda kunywa maji, nikarudi ikiwa bado haijasimama sawasawa. Nilijipongeza kimyakimya, ambayo ndiyo njia yangu ya kujipongeza.

Nikafunga nati mahali pa chambo, nikasimama mwisho wa uwanja, nikalenga turubai ambapo kahawa ilikuwa imeanikwa. Kwa kuwa nilitaka kujua itakuwaje mikononi mwa Baba, nililikunja gumba langu ndani ya kiganja. Nikarusha.

Kile hakikuwa kiota, kilikuwa kichaka. Mshipi ulitoka pande zote kwa wakati mmoja. Nati yenyewe ilikatika ikaenda zake kwenye migomba, na kutoka huko nikasikia kuku akitukana. Nilifumua, nikarudia, ikawa mbaya zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote Baba alikuwa akiitilia oili ya cherehani, tena kwa fahari, ili ikimbie. Na ilikimbia. Gumba lake lilikuwa likiishika. Sasa gumba halipo, na mimi nimemwongezea mbio.

Nilirudi barazani nikakaa. Mama mkubwa akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ni mvulana. Nikasema hapana, Mama mkubwa, kwa sauti ambayo kwangu ni kelele. Akasubiri. Yeye mtu wa maneno mengi anajua kusubiri vibaya, huku anapiga miluzi, lakini alisubiri, mpaka nikamweleza yote: gumba, viota, watoto wa "Fundi, shona", na Jumamosi ya kukabidhi. Nadhani sijawahi kumwambia mtu mzima maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. Alisema tu, "Pole, mwana wange," na kunituma nikachote maji.

Niliporudi nilimkuta ameipindua baiskeli yake uwanjani, ile anayopelekea ndizi sokoni, magurudumu juu, anaipaka grisi kwenye beringi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwiko. Kando yake kwenye kile kitambaa changu ilikuwa mashine ya Baba, imefunguliwa tumbo.

"Mama mkubwa!"

"Nimekusaidia. Nani alikufundisha kutilia beringi maji maji yale? Beringi inakula grisi. Nimeishibisha."

Ndoo niliitua vibaya, nusu ikamwagika. Beringi zile ndogo nilizosugua kwa mswaki zilikuwa zimezama kwenye grisi nyeusi ya baiskeli kama mbegu za pasheni. Nilitaka kulia na karibu nilie. Yeye hakuona kosa lolote, aliifunga skrubu ya mwisho, akaifutia kwenye kanga, akanikabidhi.

"Jaribu basi. Usinitazame kama nimeua mtu."

Nikaizungusha bobini kwa kidole. Ilienda mara chache, ikasimama, kama mzee anayepanda mlima. Nikasema kimoyomoyo, imekwisha. Lakini alikuwa ananitazama, na mimi siwezi kubishana na mtu anayenitazama. Nikafunga nati nyingine, nikalikunja gumba kiganjani, nikarusha nikiwa nimefumba jicho moja.

Nati ikaruka, si mbali, ikatua kwenye ukingo wa turubai, tii. Mshipi ulikuwa umenyooka. Bobini ilikuwa imesimama yenyewe.

Nikarudia. Ikatua. Nikarusha kwa nguvu, kwa hasira, kwa ubavu, kwa kila namna ambayo nilijua italeta fujo. Hakuna kiota hata kimoja. Ile grisi nzito ilikuwa imeishika bobini kwa upole wakati wote, kazi ile ile ya gumba. Mbali haikwenda, labda nusu ya pale Baba alipokuwa akifikisha zamani. Lakini samaki wengi wa pale kwenye mawe wanakaa karibu, kwenye vivuli. Nilimgeukia Mama mkubwa nikitaka kumwambia jinsi alivyofanya jambo kubwa, nikakuta ameshapanda baiskeli kuijaribu, anazunguka uwanja akikwepa kahawa yake, anaimba.

Siku zilizobaki niliitengenezea mikono ya Baba. Niliupunguza ule wingi wa grisi kidogo kidogo, nikirusha na kupima, mpaka nikapata kipimo ambacho mshipi unaenda mbali kadiri inavyowezekana bila kujifunga. Kwenye mpini wa fimbo nilivuta kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukawa mnene na wenye kushika, ili vidole vyake vinne vibebe fimbo bila kulitegemea gumba. Watoto wa jirani walijipanga kwenye ua kunitazama. "Leo umevua kilo ngapi za kahawa?" waliuliza. Siku ya tatu au ya nne niliwajibu. Niliwaambia gunia. Walishangaa kusikia kwamba nina sauti.

Nikarudi Bukoba. Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye mawe, mimi na Baba, tukiwa wa kwanza. Aliipokea fimbo, akaugusa ule mpira, akaizungusha bobini na uso wake ukakunjana.

"Umeitia nini? Imelala."

"Rusha, Baba."

"Kijana atasema nimempa marehemu."

"Rusha tu."

Alirusha. Aliinamisha kabisa kichwa kwa mazoea, kusubiri kiota. Chambo kikaingia majini, chup, na mshipi ukalala juu ya maji kama uliochorwa. Akaitazama mashine. Akalitazama gumba lake, kana kwamba huenda limerudi safari bila kuaga. Akakunja mshipi, akarusha tena. Na tena. Mara ya nne au ya tano nilimwona anaunyanyua ule mkono kwa mwendo wake wa zamani, bila kuogopa, na nikageuka nikajifanya natafuta chambo kwenye mfuko.

Ndipo yule kijana mchuuzi akafika, na kofia yake na kicheko chake. "Asalaam aleikum, mzee! Naona unaiaga."

"Waaleikum salaam. Njoo." Baba akaikabidhi papo hapo, kwa mikono miwili. Ahadi kwake ni ahadi. Mimi niliangalia maji.

Kijana akarusha kwa nguvu za mtu anayebeba makreti ya samaki. Chambo kikaanguka karibu na miguu yetu kuliko alivyotaka. Akarudia, vile vile. "Mzee," alisema, "hii imekufa. Haiendi."

Baba akainama kuitazama bobini. Na mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba nikinyamaza itabaki kwetu. Ningenyamaza vizuri sana, ndicho ninachokiweza. Lakini kijana alikuwa akiitazama kwa huruma, kama mtu aliyepewa zawadi mbovu asitake kumuumiza aliyeitoa, na Baba hakustahili kuonekana hivyo.

"Haijafa," nilisema.

Wote wawili wakanigeukia. "Ni grisi. Ya baiskeli. Nimeitia ili imfae Baba, kwa sababu gumba lake halisikii. Ukiiosha kwa mafuta ya taa na kutia oili ya cherehani itaenda mbali kama zamani. Ni kazi ya muda mfupi tu. Naweza kukufanyia."

Kijana akaupapasa mpini. "Wewe ndiye uliyeufunga na huu mpira?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Maneno yangu yalikuwa yamekwisha.

"Na mzee anairusha hivi hivi? Bila kujifunga?"

"Rusha aone, Baba," nilisema. Kumbe yalikuwa yamebaki machache.

Baba akarusha. Safi. Kijana akapiga makofi mara moja, akavuta kofia nyuma, akasema, "Basi tusidanganyane. Mzee, wewe ulinipa mashine usiyoweza kuitumia. Ile ningeichukua. Hii unaitumia. Hii siyo ile."

"Nimeshakupa, kijana."

"Umenipa ile. Ikionekana, niiteni." Akaketi juu ya jiwe, akavua viatu. "Ila nina yangu kule kisiwani imeshikana kwa kutu, ilinishinda. Nitamletea huyu binti. Mie gumba langu lipo, anitilie hiyo oili ya cherehani."

Baba alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mkasi. Wakaanza kuzungumza, bei ya dagaa, imamu aliyepoteza sauti, mzigo uliochelewa kisiwani kwa sababu ya upepo. Walizungumza bila kupumua. Samaki wote wa Bukoba walijua tuko pale. Baba alirusha, kijana akaomba naye ajaribu, Baba akamwambia asitumie nguvu, kijana akatumia nguvu, wakabishana, wakacheka, Baba akaichukua tena. Mimi nilikaa nyuma yao nikisubiri zamu yangu, na jua likapanda, na zamu yangu siku hiyo haikufika.